Chapati za Migori na "mogo" ya London

Msafiri atokaye Kisii kuelekea mpakani Isebania hupita Rongo, kisha Awendo penye kiwanda cha sukari, halafu Migori. Kote huko, neno ambalo macho yake yatalikuta mara nyingi kwenye kuta za hoteli si la Kijaluo wala la Kikuria, na asili yake si Kiswahili. Ni chapati. Limeandikwa kwa rangi ya mafuta ukutani, au kwa chaki juu ya ubao mweusi uliosimamishwa mlangoni: chapati ndengu, chapati maharagwe, chapati na chai. Akiiacha barabara hiyo pale Rongo na kushika njia ya Homa Bay, atalikuta limetangulia kufika, limekaa ubavuni pa mbuta na ngege kana kwamba lilizaliwa ziwani.

Huwa nawaomba wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanitajie chakula chochote cha Kihindi wanachokijua. Wengi hutaja kari, ambayo aghalabu hawajapata kuila kwa jina hilo. Wachache hutaja biriani. Hakuna atajaye chapati, ingawa pengine ndiyo aliyoila jana jioni. Nikiwauliza chapati ni chakula cha nani, hunitazama kwa mshangao: ni chetu, hujibu, ni chakula cha Krismasi, ndicho mama alichokipika siku wageni walipokuja. Jibu hilo silisahihishi, kwa kuwa ni sahihi. Linalonisumbua ni kwamba tumeimiliki chapati kikamilifu hata hatuna tena swali lolote kuhusu mikono iliyotupa.

Na tuianze chapati yenyewe. Katika lugha za Kihindi na Kigujarati, chapati ni mkate mwembamba wa ngano usiotiwa hamira, unaookwa juu ya chuma kikavu pasipo mafuta. Ule wetu, unaokandwa, ukasukumwa, ukapakwa mafuta, ukaviringwa kama konokono, ukasukumwa tena na hatimaye kukaangwa hata ukafanya matabaka, Mhindi huuita paratha. Kwa maneno mengine, tulichukua jina la ndugu mmoja tukamvisha mwingine. Wanaisimu hawashangazwi na jambo hilo, kwa maana maneno yakihama hayachukui mizigo yao yote. Lakini hapa kuna sababu ya kijamii inayofaa kutafakariwa. Kwa Mhindi, chapati ni ugali: chakula cha kila siku kisicho na makuu. Kwetu unga wa ngano ulikuwa ghali, ukawa wa sikukuu; na dhana yangu ni kwamba mtu anayekula kitu mara moja kwa mwaka hachagui kile kilicho kikavu. Pwani walikuwa na chapati kabla ya watu wa ziwa, na huko nako mafuta hayakuonewa choyo.

Ukiketi katika hoteli hiyo ya Migori ukayatega masikio, utaona kwamba chapati haikuja peke yake. Neno hoteli lenyewe linafaa kuangaliwa. Kwa Mwingereza ni mahali pa kulala. Katika miji mingi ya India, kama ilivyo Migori na Homa Bay, ni mahali pa kula, na atakayeuliza kitanda atachekwa. Vuka mpaka hatua chache tu uingie Sirari, upande wa Tanzania, na utasikia mgahawa au mama ntilie. Kachumbari iliyo kando ya sahani ni neno la Kihindi. Dania iliyonyunyizwa juu yake pia ni ya Kihindi, ilhali watu wa pwani wana giligilani. Kitafunio cha pembe tatu kilicho ndani ya kabati la kioo huitwa sambusa Mombasa na Zanzibar, jina lililopitia kwa Waajemi na Waarabu. Migori huitwa samosa, kama wasemavyo Wahindi. Kitu ni kimoja, njia zilikuwa mbili, na kila jina lingali na vumbi la njia yake.

Karai nalo lina hadithi yake. Kihindi husema karahi, chombo cha chuma chenye kina cha kukaangia. Katika masoko ya samaki ya Homa Bay, karai kubwa la mafuta yanayochemka ndilo linaloipokea ngege ikitoka majini. Lakini fundi wa nyumba naye hubebea saruji katika karai, na mama hufulia nguo za mtoto katika karai la plastiki. Neno lilitoka jikoni likaenda kutafuta kazi mjini, likapata.

Chai ndiyo inayowachanganya wengi. Tunaambiwa, na vitabu vya historia vinaunga mkono, kwamba mashamba ya majani ya chai ya Kericho yalianzishwa na Waingereza. Hapo hakuna ubishi. Lakini hebu tutazame namna ya kuipika. Mwingereza humwagia majani maji ya moto katika buli, kisha huongeza maziwa kidogo kikombeni. Sisi hutia maji, maziwa, majani na sukari katika sufuria moja, tukayaacha yachemke hata yakaribie kufurika. Hiyo ni chai ya nyumba ya Mhindi na ya vituo vya reli vya Bara Hindi. Shamba lilikuwa la Mwingereza. Sufuria ilifuata desturi ya Mhindi. Ile isiyo na maziwa tukaiita ya rangi, au turungi, jina linalotokana na Kiingereza, kana kwamba hata lugha ilijua ni nani wa kulaumiwa kwa chai isiyo na maziwa.

Na kari? Hapa ndipo penye utamu wa mambo. Waingereza waliuchukua msamiati kutoka kusini mwa India, ambako kwa Kitamili kari hutumika kwa kitoweo cha kulia wali, wakautandaza juu ya mapishi ya bara zima. Wahindi wenyewe wana majina mengi, kila chakula na lake. Mwingereza alihitaji neno moja la kukusanyia asivyovifahamu. Kiswahili hakikuwa na haja hiyo. Kilikuwa na mchuzi, neno la Kibantu la kale, na viungo vya Kihindi vilipofika vilimiminwa ndani ya mchuzi bila kulibadili jina. Kijaluo nacho kina kado, na kado ikabaki kado. Mpaka leo si kila unga wa viungo unaouzwa dukani katika vipakiti unaoitwa kari. Ule maarufu kuliko wote nchini umeandikwa Royco Mchuzi Mix. Kampuni ya kimataifa imelazimika kupiga magoti mbele ya neno la Kibantu.

Nawasihi walimu wa Kiswahili wautumie mfano huu darasani badala ya ile orodha kavu ya maneno ya mkopo ambayo wanafunzi huikariri usiku wa kuamkia mtihani. Unaonyesha kanuni ikifanya kazi: lugha hukopa pale penye pengo. Mkate wa ngano wa kusukumwa haukuwa na jina, ukaja na lake. Kitoweo chenye majimaji kilikuwa na jina, kikalihifadhi. Ndengu zenyewe, zikipikwa kwa vitunguu, nyanya na dania, zikaliwa kwa chapati, ni dali na mkate wa Mhindi kwa kila hali isipokuwa jina. Hiyo ndiyo kari ya mwanafunzi wa Migori. Huila siku zote, kisha akiulizwa husema hajawahi kuila.

Sasa ile mikono. Reli ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwaka 1901, na wafanyabiashara wa Kihindi wakaifuata. Kutoka hapo walivuka Ghuba ya Winam na kufuata mwambao: Kendu Bay, Homa Bay, Karungu, kisha bara hadi Migori. Walijenga maduka ya mabati yenye baraza mbele na makao ya familia nyuma, na baadhi yangali yamesimama. Tusiipake historia hiyo asali. Mwafrika alinunua chumvi, sukari na vitambaa akiwa amesimama upande huu wa kaunta. Meza ya chakula ilikuwa nyuma ya ukuta, na aliyeufikia ukuta huo kwa kawaida aliufikia kama mpishi, yaya au mtumishi. Bei aliipanga mwenye duka, na mahindi ya mkulima yalipimwa kwa mizani ya mwenye duka. Si ajabu kwamba mwaka 1947 Oginga Odinga na wenzake waliunda shirika la biashara la Wajaluo, LUTATCO, ili Mwafrika naye awe na mtaji na duka. Si ajabu pia kwamba bepari, neno ambalo kwa Kigujarati humaanisha mfanyabiashara tu, katika Kiswahili limekuwa karibu tusi.

Hata hivyo, ni katika jikoni hilo lisilo na usawa ambamo ujuzi ulipita. Kijana aliyeajiriwa kukanda unga alijifunza kuukanda. Aliyetumwa kuchemsha chai alijifunza kipimo cha tangawizi na iliki. Alipoacha kazi hakuondoka mikono mitupu, maana ujuzi haupimwi mlangoni. Hoteli ndogo zilizochipuka kando ya barabara na gati zetu zilipikwa na watu wa aina hiyo, na ndio waliompa mteja Mjaluo, Mkuria au Msuba nafasi ambayo duka la Mhindi halikumpa: kuketi, kuagiza na kuhudumiwa. Kwa maoni yangu, hapo ndipo chapati ilipopata uraia wake. Ilikuwa ya mwenye duka, ikawa yetu siku ilipowekwa mbele ya mtu aliyeketi.

Baada ya Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, wasio wa asili ya Kiafrika waliokuwa na haki ya kuomba uraia walipewa miaka miwili. Wengi walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza. Kisha mwaka 1967 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya leseni za biashara, iliyowazuia wasio raia kufanya biashara nje ya maeneo ya kati ya miji iliyotajwa. Ukiielewa sheria hiyo utaelewa kwa nini pigo lake lilikuwa zito zaidi katika miji midogo kama ya kwetu kuliko Nairobi au Mombasa. Maduka yakabadili wenyewe. Wengi katika waliokuwa wakiyamiliki walikwenda Kisumu, Nairobi, au moja kwa moja Uingereza.

Na huko Uingereza je? Waingereza walikuwa wamekwisha kuipenda kari zamani. Mkahawa wa kwanza wa Kihindi unaojulikana jijini London ulifunguliwa mwaka 1810 na Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihar, haukudumu. Veeraswamy ulifunguliwa mwaka 1926 katika Regent Street. Katika karne ya 20 mabaharia na wahamiaji kutoka Sylhet, eneo lililo sasa Bangladesh, walieneza mikahawa katika kila mji, hata ile inayoitwa ya Kihindi kwa kweli mingi ni ya Wabangladeshi. Lakini pasipoti na sahani havikwenda pamoja. Wahindi wa Kenya walipoanza kuwasili kwa wingi, Bunge la Uingereza lilichukua siku tatu hivi kupitisha sheria ya kuwazuia watu hao hao lililowapa pasipoti, na ikaanza kutumika Machi 1968. Mwezi uliofuata Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri dhidi ya wahamiaji katika jiji la Birmingham, jiji ambalo leo hujivunia kari yake ya balti. Mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Wahindi wa Uganda siku 90 za kuondoka, baraza la mji wa Leicester lililipia tangazo katika gazeti la Kampala kuwaomba wasiende huko. Walikwenda. Mtaa wa Belgrave Road, Leicester, sasa hutangazwa kwa watalii kwa ajili ya mikahawa yake.

Waliotoka kwetu wana sehemu kubwa katika hadithi hiyo kuliko tunavyojua. Laxmishanker Pathak aliondoka Kenya mwaka 1956, akaanza kwa kupika samosa na vitamu nyumbani London. Kampuni yake, Patak's, imeweka viungo vya Kihindi katika kabati za jikoni za Waingereza wasiohesabika. Ile herufi h aliiacha ili wateja wasijing'ate ulimi. Katika mtaa wa Southall, familia ya Anand, iliyokuwa na Brilliant Hotel mjini Nairobi katika miaka ya 1950, ilifungua mkahawa wa Brilliant mwaka 1975. Huko Wembley, Maru's Bhajia House huuza bajia za viazi kwa mtindo wa Nairobi.

Basi mwanafunzi wa isimu akiisoma orodha ya vyakula katika mikahawa ya namna hiyo ataona jambo la kumfurahisha. Kuna kuku paka. Asitishike: paka hakuhusika. Ni kuku wa kupaka wa pwani, aliyepakwa tui la nazi, akapoteza viunganishi safarini. Kuna mishkaki, jina lile lile la Mombasa. Na kuna mogo, vipande vya muhogo vilivyokaangwa na kutiwa pilipili, ambavyo kijana Mwingereza huviagiza akidhani ametamka neno la Kihindi. Wahindi wa Afrika Mashariki walivuka bahari na kisu, sufuria, fagio na machungwa ndani ya Kigujarati chao, wakavitumia kwa watoto wasiopata kuiona Kenya. Sisi tulichukua karai lao, wao wakachukua sufuria yetu. Katika daftari la lugha, deni hilo limelipwa pande zote mbili.

Neno mogo lina mchezo mwingine kwa msomaji wa Migori. Kwa Kijaluo mogo ni unga. Muhogo wenyewe huitwa muogo, au marieba. Na kwa kuwa huku Migori muhogo hukaushwa, ukasagwa pamoja na mtama ili kupikia ugali mweusi, muogo wetu kwa hakika huwa mogo kabla haujafika mezani. Mjaluo aliyeketi Wembley akaletewa sahani ya mogo ana haki ya kuuliza maji yako wapi na mwiko uko wapi.

Mwaka 2001, Robin Cook, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, alihutubu kwamba kuku wa tikka masala amekuwa chakula cha taifa la Uingereza. Watu walishangilia, na maneno yake yangali yanatajwa. Nchini Kenya, Julai 2017, serikali ilitangaza kuwa Wakenya wa asili ya Kihindi ni kabila la 44 la nchi. Hilo nalo lilishangiliwa, ingawa baadhi ya Wahindi wenyewe waliuliza ni wapi walipokuwa tangu 1963. Nayaona matangazo hayo mawili kuwa ndugu, na siyaamini sana. La Uingereza lilikikubali chakula kwa urahisi zaidi kuliko lilivyowahi kumkubali mpishi. La kwetu lilimkubali Mhindi miaka 50 baada ya sheria iliyoyafunga maduka ya Kendu Bay na Homa Bay, kwa Wahindi wengi wa miji hiyo waliokwisha kufa au kuwa babu na nyanya mjini Leicester. Na katika matangazo yote mawili hakuna aliyemkumbuka mtu wa tatu, yule kijana wa Kijaluo aliyekanda unga nyuma ya duka.

Huyo ndiye ninayemtaka. Historia ya Mhindi wa Kenya imeandikwa kiasi chake, na Wahindi wenyewe wameiandika vizuri. Historia ya mpishi wake haijaandikwa, na lugha ya jikoni hilo inapotea. Walizungumza nini pale? Kwa kawaida, Kiswahili cha aina yake, kile ambacho vitabu vya sarufi vilikidharau, chenye vitenzi visivyonyambuliwa na ngeli zilizosahauliwa. Lakini ndicho kilichotuletea dania, kachumbari na karai. Wenzangu wanaotaka kukisafisha Kiswahili wakumbuke kwamba nusu ya msamiati wa mlo wao wa mchana uliingia kupitia mlango huo wa nyuma.

Walimu wa Migori na Homa Bay wana nafasi ambayo sisi wa vyuo vikuu hatuna. Wanafunzi wao wana babu na bibi vijijini. Mwanafunzi anaweza kutumwa wakati wa likizo na daftari, aketi na mzee aliyepata kufanya kazi katika duka au jikoni la Mhindi, na kwa adabu amwombe amsimulie. Unga uliitwaje? Kijiti cha kusukumia kiliitwaje, na kile chuma cha kuokea? Mwenye nyumba alimwita kwa jina gani, lake au la kupewa? Alikula nini, na aliketi wapi? Siku ya kwanza alipopika chapati kwao nyumbani, mama yake aliiitaje? Majibu yaandikwe kwa lugha ile ile ya mzee, bila kumsahihisha ngeli.

Aliyekuwa na miaka 20 wakati sheria ya 1967 ilipopitishwa leo anakaribia 80.